Mwanamke Mmoja

Mwaka 2006 mgawo wa umeme ulitukamata Mwanza kama mikoa mingine, na ziwa lenyewe lilikuwa limerudi nyuma, mitumbwi pale Kirumba Mwaloni ikifungwa mbali na ilipozoea. Nilikuwa likizo kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, muuza dagaa. Ilikuwa mbalamwezi. Kukiwa na mwezi dagaa hawaifuati karabai, wavuvi hawatoki, kwa hiyo zile taa zinazofanya ziwa lionekane kama mji wa pili hazikuwepo wiki hiyo, na shangazi akawa na jioni za kukaa nyumbani.

Nilikuja na kanda niliyorekodiwa na rafiki: albamu ya mwimbaji wa Marekani Nina Simone ya mwaka 1993, A Single Woman, ya mwisho aliyorekodi studio. Wengi wanaomjua wanamjua kwa nyimbo za ujana, zile za hasira ya kudai haki za watu weusi Marekani, au ile ya mapenzi aliyoirekodi miaka ya 1950 ikaja kuvuma Ulaya mwaka 1987. Hii ya 1993 haikuvuma kama hizo. Ina violini nyingi na mwendo wa polepole, na mwimbaji ni mtu mzima wa miaka 60 anayezungumza na nafsi yake. Mimi naipenda kuliko zote, na nitaendelea kuipenda.

Redio ya shangazi ilikula betri sita kubwa, na zilikuwa zimechoka. Betri zikichoka kanda huenda taratibu na sauti inashuka. Sauti ya Nina ni nzito tangu mwanzo, sasa ikazama zaidi.

Shangazi alikuwa na ungo mapajani, koroboi pembeni, anachambua dagaa: furu, visamaki vingine vya ziwa, huku, mchanga na vipande vya nyavu kule. Akasikiliza wimbo mzima bila kuinua kichwa.

"Huyu baba analia nini?"

"Ni mwanamke, shangazi."

Vidole vikasimama. "Mwanamke? Anasemaje?"

Hapo nikakwama. Jina la wimbo ndilo jina la albamu, na nilianza kwa kulitafsiri: mwanamke asiyeolewa.

"Umeanza na alichokosa," akasema.

Mwanamke mpweke, nikajaribu.

"Mpweke ni wa kuhurumiwa. Huyu hajaomba huruma." Akapepeta kidogo, makapi yakaruka. "Singo si ndiyo kama chumba singo? Chumba kimoja. Basi ni mwanamke mmoja. Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke mmoja."

Sijapata tafsiri bora kuliko hiyo hadi leo.

Akataka kujua habari zake. Nikamwambia aliolewa mara mbili na ndoa zote zikavunjika, na kwamba mwaka 1974 alihamia Liberia akakaa miaka kadhaa, Miriam Makeba ndiye aliyemshawishi. Kwa jina la Makeba shangazi alichangamka. "Yule wa Malaika! Kumbe walikuwa mashoga." Tangu hapo Nina akawa mtu wa nyumbani. Nikamweleza pia kwamba nyimbo tatu za albamu hiyo zimetungwa na mwanamume, Rod McKuen, na kwamba zote tatu Frank Sinatra aliziimba mwaka 1969 kama nyimbo za mwanamume aliye peke yake. Lakini ule wa kumwambia mtu "nioe", huo Nina aliutunga mwenyewe.

"Kwa umri huo?"

"Kwa umri huo."

Akatabasamu na dagaa wake, akaniacha niendelee.

Kisha ukaingia wimbo mwingine, uliotoka kwenye filamu, ambamo mtoto anamwita baba yake gizani na kumuuliza kama anamsikia. Nikatafsiri haraka haraka. Nikaongeza, bila kufikiri, kwamba Nina alimkasirikia baba yake, na baba alipokuwa anakufa hakwenda kumwona.

Shangazi hakujibu. Ukoo mzima tunajua, ingawa hakuna anayeitaja habari hiyo mbele yake: alipokuwa msichana babu alishapokea ng'ombe, yeye akatoroka akaja Mwanza, na ng'ombe wakarudishwa mmoja mmoja machoni pa kijiji. Babu alifariki bila wao kukaa tena chini ya paa moja. Nilitamani kuyameza maneno yangu.

Aliutua ungo chini. Akajipangusa magamba kwenye khanga, kidole kwa kidole, muda mrefu.

"Rudisha nyuma," akasema.

Kurudisha kwa redio kungemaliza betri. Nikaitoa kanda, nikachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu lake na kuizungusha, naye ameshika koroboi karibu na mikono yangu ili nione utepe ulipofika. Tuliusikiliza tena, kisha mara ya tatu. Mara ya tatu sauti ilishuka, ikashuka, ikawa kama ya mzee kabisa, ikakatika kabla ya wimbo kwisha. Shangazi alibaki ameielekea redio.

"Abee," akasema, polepole, kama binti anayeitika akiwa jikoni.

Asubuhi nilipoamka alishatoka kwenda mwaloni. Uani, juu ya jiwe linalopata jua mapema, betri zote sita zilikuwa zimeanikwa kwenye mstari.