Risala ya Mahafali Yetu

Risala ya kidato cha nne tuliiandika Septemba 2009, katika shule ya kata wilayani Kilosa, Tanzania: wanafunzi wanne na mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa mlezi wetu. Shule yenyewe ilikuwa changa, mojawapo ya zile zilizojengwa baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, wazazi wakachangia matofali na mchanga. Madarasa yalikuwepo. Bweni la wasichana halikuwepo, na hilo ndilo tulilotaka mgeni rasmi aondoke nalo kichwani.

Mwalimu alitupa mpangilio anaoujua kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la mahafali: shukrani, historia fupi ya shule, mafanikio, changamoto, maombi. Kila aya ianze na “Mheshimiwa mgeni rasmi”. Mwito huo naukubali hadi leo. Anayesikiliza kwenye joto anahitaji kuitwa tena na tena. Mimi niligomea aya ya changamoto. Rasimu ilisema: “Baadhi ya wanafunzi wa kike hutembea umbali mrefu, jambo linaloathiri taaluma.” Sarufi haina kasoro, lakini humo ndani hamna mtu.

Msichana pekee katika kamati yetu alikuwa mmoja wa hao “baadhi”. Akataka tuandike njia yenyewe: kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kukatiza mashamba ya mkonge kungali giza, kuvua viatu ili kuvuka maji wakati wa masika, kufika paredi imekwisha na adhabu inasubiri. Jioni njia ni ileile, na mwenye bodaboda anayekupa lifti anajua fika kwamba umechoka.

Mwalimu akasita. “Mwanangu, risala si hadithi. Mgeni ataona tunamlaumu.”

Woga wake ulikuwa na msingi, maana risala ilikuwa lazima ipite kwa mkuu wa shule. Hata hivyo nilimuunga mkono mwenzangu, na ningemuunga mkono tena leo. Ukisema “umbali mrefu” unamwachia msikilizaji apime mwenyewe, na aliyekuja kwa gari atapima kwa gari.

Njia ikaingia, na msomaji akawa msichana yule. Alichagua kusema “sisi” badala ya “mimi”. Nililipenda sana chaguo lile. Wazazi wake walikuwa wamekaa pale pale, na shida ile haikuwa ya kwake pekee wala aibu ya nyumba yao. Alipofika kwenye mkonge, kina mama waliokuwa wakipiga vigelegele kila aya wakaacha, na mgeni akainua macho kutoka kwenye nakala yake.

Kisha ikaja aya ya maombi. Ilipokuwa ikipitiwa ofisini iliongezwa hadi maombi yakawa saba: bweni, maabara, umeme, madawati, kompyuta, uzio, mwisho jezi na mipira. Yote yalikuwa ya haki. Lakini mtu akiletewa maombi saba kwa pumzi moja amepewa na ruhusa ya kuchagua. Mgeni akaahidi jezi na mipira papo hapo, tukapiga makofi mengi. Kuhusu bweni alisema amelipokea na atalifikisha panapohusika.

Wakati tunarudisha viti darasani, mwenzangu aliniambia, “Bora tungeomba bweni peke yake, akatunyima bweni.” Alimaanisha kwamba hapo wazazi wote wangelisikia jibu.

Tangu wakati huo nimekaa kwenye kamati nyingine za risala, na kila mara nabishania ombi moja tu. Mara nyingi nashindwa. Kila mjumbe amekuja na la kwake, na kulifuta mbele yake ni kumwambia kwamba shida ya watoto wake inaweza kungoja. Hilo ni gumu kulisema kwa mama ambaye amebeba mchanga wa madarasa hayo kichwani.