Mtaala ulioboreshwa: msaada uanzie kwenye ratiba ya shule

Mtaala ulioboreshwa wa sekondari nchini Tanzania uliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024 kwa mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na 2025 kwa mkondo wa jumla. Unapanda kidato kimoja kila mwaka, hivyo shule za mkondo wa jumla zinabeba mitaala miwili kwa pamoja hadi 2027. Mwalimu yuleyule anafundisha mada za muhtasari wa zamani Kidato cha Nne, kengele ikilia anahamia kwenye umahiri mahususi, yaani uwezo ambao mwanafunzi anatakiwa kuuonesha kwa vitendo, wa vidato vya chini. Hapo ndipo andalio la somo linapoharibika: vichwa vya safu ni vipya, yaliyomo ni notisi zilezile za miaka yote.

Semina ya siku mbili wilayani haiondoi tatizo hilo. Anakwenda mwalimu mmoja, akirudi anatoa taarifa fupi kwenye kikao, na makabrasha yanaishia kabatini. Kinachosaidia zaidi ni Jumuiya ya Ujifunzaji ya somo, yaani kikao cha walimu wa somo moja wanaojifunza pamoja, ile iliyomo kwenye mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ikipewa vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, kila wiki. Mwalimu wa taaluma afunge vipindi hivyo kwanza, ndipo apange masomo mengine. Ukikiweka kikao Ijumaa alasiri, usitegemee mtu. Na kama somo lina mwalimu mmoja tu shuleni, Afisa Elimu Kata amuunganishe na wa shule jirani, hata mara moja kwa mwezi.

Kikao kishughulikie umahiri mahususi mmoja tu, na walimu waifanye wenyewe shughuli ya kujifunza kabla ya kuipeleka darasani. Chukua Elimu ya Biashara, ambayo sasa ni ya lazima na mara nyingi inaangukia kwa mwalimu aliyezoea utunzaji wa hesabu. Shughuli iwe kukokotoa faida ya vitumbua: mchele, sukari, nazi na mafuta vimegharimu sh. 12,000, vimetoka vitumbua 80, kimoja sh. 200. Faida ni sh. 4,000, wengi watajibu haraka. Mkaa je? Nauli ya kwenda sokoni? Vile 10 vilivyobaki jioni? Walimu wakibishana hapo, watajua wanafunzi watakwama wapi, na vigezo vya upimaji vinaandikika palepale.

Ugumu mwingine ni makundi. Darasa la wanafunzi 72 kwa makundi ya watu sita lina makundi 12, na hakuna mwalimu wa kuyapima yote ndani ya dakika 40. Apime manne kila kipindi kwa orodha ya vigezo vitatu; baada ya vipindi vitatu amewamaliza wote. Asiyefanya hivyo hugawa alama kwa kukisia, kisha upimaji endelevu unabaki tarakimu tupu.

Wiki inayofuata kila mwalimu aje na madaftari matano: mawili ya wanaofanya vizuri, matatu ya wanaosuasua. Mkuu wa shule naye, badala ya kugonga mihuri kwenye maandalio, afungue madaftari hayo. Akikuta kurasa nne za kunakili ubaoni na hakuna kazi hata moja iliyofanywa na mwanafunzi mwenyewe, umahiri huo urudishwe kwenye kikao kabla ya kwenda unaofuata.