Mpira namba 6

Jumamosi tulitoka Malindi saa kumi na moja alfajiri, wanawake na wanaume matatu moja, wavu wa mipira ya kikapu magotini pangu. Hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Kocha alishaanza kukoroma hata Gede hatujafika.

Ligi yetu ni ya kulipwa nusu. Nusu yenyewe ni nauli, sahani ya pilau na kibahasha mkishinda (cha wanaume huwa kinene kidogo, nami nimechoka kuuliza). Jumatatu mmoja yuko cherehani, mwingine kwenye bodaboda.

Kilichoniudhi ni mpira. Wanawake huchezea namba 6. Namba 7 ni wa wanaume, mkubwa na mzito zaidi. Wenyeji wetu walikuwa na 7 tu. "Chezeni, dada, mpira ni mpira." Thubutu! Mkono uliozoea 6 hauukamati ule, na mitupo yote inafika mifupi. Nikafungua wavu, nikatoa wetu, umechakaa hadi vipele vimelainika kama ngozi ya embe. Refa akaubonyeza kwa kidole gumba, akaudundisha mara mbili, akaridhika.

Robo nne, dakika kumi kumi. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Nikatupa mimi, nje ya mstari wa pointi tatu, ule wa mita 6.75. Mpira ukazunguka ringi nzima, ukatoka.

Kurudi, tukanunua korosho Kilifi. Hapo ndipo nikahesabu mipira: namba 7 mmoja tumeusahau uwanjani. Kocha bado hajui.