Kaseti ya vita ya Kagera: hatimaye upande B umekubali

Wiki ya sita hii nahangaika na kaseti moja! Leo usiku, hapa Dodoma, sauti zimekaa mahali pake.

Ni ile kaseti ya dakika 60 ya baba mkubwa, aliyorekodi redioni Mpwapwa Februari 1979, askari wetu wakiwa tayari ndani ya Uganda. Upande A unaanza vizuri, kisha nyimbo zinaanza kukimbia, na kufika upande B unasikia kwaya ya watoto. Nilisafisha kichwa cha deki, kile kinachosoma mkanda, kwa spiriti, nikabadilisha mkanda wa raba, nikazungusha skrubu ya kichwa mpaka ikalegea. Wapi! Nikapunguza kasi kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka, katikati ikaharibika zaidi. Usiku mmoja nilizima kila kitu nikaenda kulala na hasira.

Jibu alikuwa nalo mzee mwenyewe. "Betri zilikuwa hazipatikani, mwanangu. Tulikuwa tunazianika juani, tunazirudisha."

Betri zikichoka, mota inavuta mkanda polepole wakati wa kurekodi, kwa hiyo ukiucheza leo kwa kasi ya kawaida kila kitu kinakimbia na sauti inapanda. Lakini nipime kwa rula gani? Kwa wimbo wenyewe. Redio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi zetu kwenye riili, ile mikanda mikubwa ya studio, na wakati wa vita wimbo wa hamasa ulirudiwa mno, kutoka riili ileile, kwa hiyo urefu wake ulipaswa kuwa uleule kila mara. Kwenye kaseti hii upo mmoja mara nne: dakika 4:12, 4:03, 4:08, 3:51. Hiyo 4:08 ilinifanya nisimame. Betri zilikuwa zimetoka juani! Nikachora mstari wa kasi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, upite nukta hizo nne, na ule mwisho uliokimbia kwa asilimia 9 ukatulia.

Si watoto. Ni wanaume wazima, sauti nzito, na gitaa la besi ambalo sikuwahi kulisikia kabisa.

Wanaouliza kuhusu vile vicheza-kaseti vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta kwa USB: achaneni navyo. Mota yake inayumba yenyewe, utapimaje kosa la 1979 juu ya kosa la leo? Tafuteni deki kuukuu sokoni.

Nilipanga kesho niandike maneno ya nyimbo zote kumi na moja. Sitaandika. Nilipowapigia kuwasikilizisha, mzee alinyamaza muda mrefu, na nyuma yake mama mkubwa akaanza kuimba kitu kingine kabisa, kwa Kigogo, anapiga na makofi. Anasema wanawake waliuimba wakiwasindikiza mgambo, na kwamba ule wa redioni ulikuwa wa kusikiliza, huu ndio uliowasaidia kurudi nyumbani bila kulia. Haumo kwenye kaseti yoyote niliyonayo. Wenzake wawili waliouimba bado wapo kijijini.

Jumamosi naenda Mpwapwa na kinasa sauti, na betri mpya nane.