Kwa Mjomba wa Hayes

Tuliondoka Columbus, Ohio, saa moja asubuhi, mimi na mpwa wangu, tukashika barabara ya 23 kwenda kaskazini. Tulisimama kwanza Delaware, alikozaliwa Rutherford Hayes, aliyekuja kuwa rais wa 19 wa Marekani, mwaka 1822, miezi michache baada ya baba yake kufariki. Nyumba haipo tena. Siku hizi ni kituo cha mafuta, kibao cha kumbukumbu kikiwa kando. Tukajaza tangi, tukakisoma, tukaendelea.

Fremont ndiko alikoishi mjomba wake, Sardis Birchard, aliyemlea na kumsomesha mpaka Harvard. Mwaka 1845 kijana alianza uwakili hapa, mji ukiitwa bado Lower Sandusky. Miaka michache baadaye akahamia Cincinnati, akawa analala ofisini ili kubana matumizi.

Mimi ni mkalimani wa mahakamani, na wengi ninaowatafsiria ni Waswahili wa Kongo. Kilichonitoa nyumbani ni kesi ya Rosetta Armstead, binti wa miaka 16, mtumwa kutoka Kentucky. Mwaka 1855 alipitishwa Ohio, jimbo lisiloruhusu utumwa, na watu wa Columbus waliokuwa wakipinga utumwa wakalifikisha shauri lake mahakamani. Bwana wake akadai kwamba ni mtoro. Hayes, pamoja na mawakili wenzake Salmon Chase na Timothy Walker, wakamtetea: hakutoroka, kaletwa na waliotumwa na bwana mwenyewe. Akaachiwa huru. Ule ukimya kabla ya uamuzi kusomwa naujua, nimekaa ndani yake mara nyingi, mkono wa mtu ukiwa umeshika wangu.

Spiegel Grove, shamba la mjomba, tuliingia kupitia malango ya chuma yaliyowahi kuwa ya Ikulu ya Washington. Miti ni mikubwa, nyumba ya matofali imetulia katikati. Mjomba aliijenga akimfikiria mpwa wake.

Hayes hakuwa amesomea vita. Juni 1861, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikiwa vimeanza, akiwa na miaka 38, mke na wana watatu, alijiunga na kikosi cha 23 cha Ohio akiwa meja. Septemba 14, 1862, huko South Mountain, risasi ikamvunja mkono wa kushoto.

Karibu na kaburi lake kuna jiwe jingine.

"Mjomba, hata farasi?"

Ndiyo, Old Whitey, farasi wake wa vitani. Kijana akachuchumaa, akapangusa majani makavu juu ya jina.