Boris Johnson na mapato ya usafiri wa London

Mjadala wowote kuhusu miaka minane ya Boris Johnson kama Meya wa London, kuanzia 2008 hadi 2016, huishia kwenye vitu vinavyoonekana kwa macho: mabasi mekundu ya muundo mpya, baiskeli za kukodi, na daraja ambalo halikuwahi kujengwa. Vitu hivyo vina gharama zake na vinastahili kuhojiwa. Hata hivyo, ninaamini kwamba maamuzi yake mazito zaidi katika usafiri yalihusu mapato, na kwa kuwa hayakuwa na utepe wa kukatwa wala kamera za kuyashuhudia, ni watu wachache wanaoyataja.

Nianze na mabasi, maana hayo yalikuwa ahadi yake ya uchaguzi. Kwa kawaida, mabasi ya London hununuliwa na kampuni binafsi zinazopewa zabuni ya kuendesha njia, lakini safari hii Transport for London, chombo kinachosimamia usafiri wa jiji chini ya meya, kiliyanunua chenyewe, kwa bei ya takriban pauni 350,000 kwa kila basi, hadi yakafikia 1,000. Sifa yake kuu ilikuwa mlango wa nyuma ulio wazi, ambao abiria angeweza kupanda na kushuka apendavyo chini ya uangalizi wa kondakta. Mshahara wa kondakta, tofauti na bei ya basi, hulipwa kila mwezi, na kufikia 2016 makondakta walikuwa wameondolewa. Madirisha, ambayo awali hayakufunguka, yalilazimika kubadilishwa kutokana na joto lililowatesa abiria, na mwaka 2020 ikaamuliwa kwamba watu wapande kwa mlango wa mbele tu, kwa sababu wengi walikuwa wakikwepa kulipa nauli. Hivyo jiji lilibaki na basi la bei ghali lililokwisha kupoteza sababu ya kubuniwa kwake.

Mradi wa Garden Bridge ulikuwa daraja la waenda kwa miguu lililokusudiwa kuvuka mto Thames likiwa limepandwa miti. Ulielezwa mwanzoni kuwa ungegharimiwa hasa na wafadhili binafsi; baadaye Transport for London na serikali kuu kila moja ikaahidi pauni milioni 30. Makadirio ya gharama yalipanda hadi yakapita pauni milioni 200, na mradi ulipofutwa rasmi Agosti 2017, zaidi ya pauni milioni 50 zilikuwa zimekwisha tumika, takriban milioni 43 kati ya hizo zikiwa fedha za umma, ilhali ujenzi ulikuwa haujaanza. Kilichouangusha mradi ndicho kinachonivutia zaidi. Sadiq Khan, aliyemrithi Johnson, alikataa kutia saini dhamana ya gharama za matunzo ya kila mwaka, yaani bustani nzuri ilipatiwa wasanifu na wanakampeni, ila mtu wa kumlipa mtunza bustani mwaka hadi mwaka hakupatikana. Naona Khan alifanya sawa, ingawa angeweza kufanya hivyo mapema zaidi na kuokoa fedha kidogo.

Haki inanilazimu kutaja upande wa pili. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, serikali kuu ilikuwa ikitafuta mahali pa kupunguza matumizi, na Johnson aliutetea mradi wa reli ya Crossrail usifutwe. Aprili 2010 alianza kutoza kodi ya nyongeza kwa majengo makubwa ya biashara ili kuuchangia, jambo lisilopendeza kwa mwanasiasa wa chama chake cha Conservative, ambacho kwa kawaida hupendelea kodi ndogo. Reli hiyo ilifunguliwa Mei 2022, ikiwa imechelewa na kuzidi bajeti, lakini hayo yalijitokeza alipokuwa amekwisha ondoka. Njia za baiskeli zilizotenganishwa na magari, alizozijenga mwishoni mwa uongozi wake licha ya malalamiko ya madereva, nazo naziona kuwa matumizi mazuri.

Sasa nirudi kwenye mapato. Mtangulizi wake, Ken Livingstone, alianzisha tozo ya msongamano, yaani ada inayolipwa na wanaoingia na magari katikati ya jiji, Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku, na mwaka 2007 akaipanua hadi maeneo ya magharibi. Johnson aliufuta upanuzi huo kuanzia Januari 2011, na kwa uamuzi huo jiji likapoteza makumi ya mamilioni ya pauni kila mwaka, kiasi kinachozidi kwa mbali hasara yote ya daraja la bustani kikijumlishwa kwa muda wa miaka michache. Kisha, mwaka 2015, ilikubaliwa na hazina ya serikali kuu kwamba ruzuku ya uendeshaji iliyokuwa ikipewa Transport for London, karibu pauni milioni 700 kwa mwaka, iondolewe hatua kwa hatua. Tangu hapo mfumo mzima ukategemea nauli kwa kiwango kisicho cha kawaida kwa jiji kubwa la Ulaya, naye Khan akaongeza uzito kwa kusimamisha upandaji wa sehemu kubwa ya nauli kwa miaka minne, ahadi ambayo wapiga kura waliipenda na mhasibu yeyote angeiogopa.

Janga la korona lilipowaondoa abiria kwenye treni na mabasi mwaka 2020, mfumo huo ulikosa mahali pa kuegemea. Mwezi Mei, Transport for London ililazimika kuomba msaada wa dharura wa pauni bilioni 1.6 kutoka serikali kuu, ambayo waziri mkuu wake wakati huo alikuwa Boris Johnson. Pamoja na fedha hizo yalikuja masharti, na mwezi uliofuata tozo ya msongamano ikapandishwa hadi pauni 15 kwa siku.