Uhura wa Sentimita Nne

Juu ya meza yangu pana kijisanamu cha Lego, yaani mwanasesere mdogo wa plastiki wa vipande vya kuunganishwa, kilichonichukua majuma sita kukikamilisha, na mpaka leo kila nirudipo kutoka kazini hukishika na kukigeuzageuza chini ya taa kabla hata sijavua viatu. Ni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha anga cha Enterprise, kama alivyoonekana katika filamu ya Star Trek ya mwaka 1982, akiwa amevaa koti la rangi ya damu ya mzee. Nimekwisha kuwatengeneza wahusika kadhaa wa filamu za kubuni za kisayansi kwa njia hii, lakini hakuna aliyenisumbua kama yeye.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna udugu na mhusika huyu, kwa kuwa jina lake limetokana na neno letu «uhuru». Marehemu Nichelle Nichols, aliyemwigiza tangu kipindi cha Star Trek kilipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1966, alisimulia mwenyewe kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu chenye neno hilo jaladani. Nilipokuwa mtoto nilidhani waigizaji walishindwa tu kulitamka vizuri, na nilikuwa nikiwasahihisha kwa sauti mbele ya televisheni.

Kijisanamu cha Lego kama tunavyokijua leo kilitoka mwaka 1978 kwa ubunifu wa Jens Nygård Knudsen wa Denmark, na kimo chake ni takriban sentimita nne. Kwa miaka mingi vyote vilikuwa na ngozi ya manjano, rangi iliyokusudiwa isimwakilishe mtu wa asili yoyote. Mwaka 2003 ndipo vilipoanza kutoka vyenye rangi za ngozi za watu halisi, wakiwamo wachezaji wa mpira wa kikapu na Lando Calrissian, mhusika mweusi wa filamu za Star Wars. Kwa maoni yangu, manjano yanamfaa zimamoto asiye na jina, lakini mtu ambaye sura yake tunaijua hawezi kupakwa manjano akabaki yeye. Kwa hiyo katika kazi hii nilikuwa tayari kupunguza mambo mengi, ila si rangi ya ngozi.

Wengi wanaoanza huchukua kichwa cha manjano wakakipaka rangi ya kahawia, na mimi nilianza hivyohivyo. Rangi hukaa vizuri mpaka utakapogeuza kichwa mara ya tatu, kisha shingoni, mahali plastiki inaposuguana na plastiki, manjano huchungulia tena. Dawa yake ni kutafuta kichwa ambacho plastiki yake yenyewe ni ya kahawia mpaka ndani, pamoja na viganja vya rangi hiyohiyo, ambavyo huchomoka kwenye mkono kwa kuvizungusha polepole. Mikono yenyewe usiivute bila sababu ya lazima, kwa maana kifua hupasuka ubavuni na ufa huo hauzibiki ukapendeza.

Kazi kubwa ilikuwa macho. Sura huchapishwa kwenye stika za maji, yaani utando mwembamba ambao ukiulowesha huteleza kutoka kwenye karatasi yake na kukaa popote unapouelekeza kwa brashi. Tatizo ni kwamba printa za kawaida, iwe ya nyumbani au ya steshenari, hazina wino mweupe. Cheupe tunachokiona kwenye picha huwa ni karatasi yenyewe. Nilipobandika sura ya kwanza kwenye kichwa cha kahawia, weupe wa macho ulitoweka kabisa, zikabaki mboni mbili zinazoelea, na Nichols ambaye alijua kuzungumza kwa macho kuliko waigizaji wengi akawa kama kipofu. Ilinibidi nichapishe macho peke yake kwenye stika yenye mgongo mweupe, niyakate kwa wembe mpya, kila moja likiwa na upana wa kama milimita moja na nusu, niyabandike kwanza, yakauke usiku kucha, kisha nifunike kwa stika angavu yenye kope, nyusi na midomo. Macho manne yalipotea sakafuni. Jozi ya tatu ilikaa, na nilipoinua kioo cha kukuzia nikamwona ananitazama, nilishindwa kuendelea na kazi usiku ule kwa furaha.

Koti lilinifundisha jambo jingine. Nilikuwa nimechora kila mshono, kila kifungo na kila mkunjo, nikidhani uaminifu ndio huo. Yote yalipopunguzwa hadi ukubwa wa kifua cha kijisanamu yakawa doa la tope. Nilifuta moja baada ya jingine huku nikijiuliza kama bado angetambulika, na mwishoni nikabakiza ukingo wa koti unaopanda kuelekea begani, kola, na nembo ya kifuani.

Kifaa cha mawasiliano anachovaa Uhura sikioni nilikiacha mwisho kwa sababu kijisanamu cha Lego hakina masikio. Nilikijaribu kichwani, nywele zikakifunika. Hatimaye nilikifanya punje ndogo ya epoksi, gundi nzito inayokauka ikawa ngumu, nikaigandisha kwenye nywele zenyewe usawa wa sikio na kuipaka rangi ya fedha kwa ncha ya kijiti cha meno. Baada ya hapo nilipulizia vanishi, na kwa kuwa ilikuwa Aprili, katikati ya masika ya Dar es Salaam, unyevu uliifanya iingie ukungu mweupe kifuani pote. Nilibandua na kurudia mwezi wa Juni.

Sasa nimeanza kiumbe wa kutisha wa filamu ya Alien ya mwaka 1979. Ndani ya vazi lile, lililobuniwa na msanii H. R. Giger, alikuwamo kijana Mnijeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa usanifu wa michoro aliyekuwa akiishi London, mwembamba na mrefu wa zaidi ya mita mbili. Nimepiga hesabu: ikiwa mtu wa sentimita 175 ndiye kijisanamu cha sentimita nne, Badejo anahitaji kama sentimita nne na robo tatu, na miguu ya kawaida ya Lego haimfikishi huko. Nimepata miguu mirefu iliyotumika ya kijisanamu cha Woody, mhusika wa filamu ya katuni ya Toy Story, ina mikwaruzo, nami nimeipaka nyeusi. Kichwa kirefu cha epoksi kinakauka dirishani. Chini yake, mahali ambapo hapataonekana tena kikishabandikwa, nimeweka kichwa cha kahawia chenye macho ya stika nyeupe.